Kipandikizi cha Koklea Kinapofunguliwa Tena: Upasuaji wa Marudio na Madhara Yake

Tarehe 25 Februari 1957, jijini Paris, daktari Charles Eyriès alimfungua sikio mwanamume aliyekuwa amepooza uso na kupoteza usikivu wote kutokana na ugonjwa wa masikio. Kilichompeleka mgonjwa pale kilikuwa uso, kwani Eyriès alitaka kuiunga upya neva ya uso. Lakini kwa kuwa sikio lilikuwa limeshafunguliwa, alimwekea pia koili ndogo ya umeme iliyotengenezwa na mwenzake, André Djourno, ikigusa masalia ya neva ya usikivu. Mgonjwa akasikia. Mazungumzo hakuyasikia, ila milio aliipata, na kwa mazoezi akaweza kutofautisha sauti nene na nyembamba, kisha akatambua maneno machache ya kawaida. Miezi michache baadaye kifaa kikakatika ndani. Eyriès akafungua tena na kuweka kingine. Hicho nacho kikafa, na safari ya tatu akakataa.

Kwa hiyo upasuaji wa marudio una umri sawa na kipandikizi chenyewe. Vifaa vimeboreka mno tangu hapo. Mwaka 1977 Ingeborg na Erwin Hochmair walifanikisha kifaa chao Vienna, na mwaka 1978 Graeme Clark akafanya hivyo Melbourne, vyote vikiwa na njia nyingi za sauti. Kufikia 2022 vipandikizi zaidi ya milioni 1 vilikuwa vimewekwa duniani. Hata hivyo, kila kifaa kinachowekwa mwilini kinaweza siku moja kuhitaji kutolewa, kubadilishwa au kurekebishwa, na shughuli hiyo ndiyo iitwayo upasuaji wa marudio. Una hatari zake, na hatari hizo hazifanani zote na za upasuaji wa kwanza. Anayefungua sikio mara ya pili haingii mahali pale pale alipoingia mtangulizi wake.

Kifaa na sababu za kurudi mezani

Mgonjwa huvaa nje kichakata sauti kinachokaa sikioni, na koili inayojishika kichwani kwa sumaku. Sehemu ya ndani ndiyo inayotuhusu hapa. Ni kisahani cha titani au kauri kilichofunikwa kwa silikoni, kinacholazwa juu ya fuvu, chini ya ngozi ya nyuma ya sikio. Kutoka kwenye kisahani hicho hutoka waya laini wenye elektrodi 12, 16 au 22 kutegemea kampuni. Waya hupita kwenye mfupa uliochongwa na kuingia ndani ya koklea, kiungo cha sikio la ndani kilichojikunja kama konokono mizunguko miwili na nusu. Badala ya chembe za usikivu zilizokufa, elektrodi huipa neva umeme moja kwa moja.

Hospitali zilizofuatilia wagonjwa wao kwa miaka mingi hutaja takwimu zinazozunguka asilimia 5 hadi 10 ya waliopandikizwa ambao hufanyiwa upasuaji wa marudio. Watoto hurudi mezani zaidi ya watu wazima: wanaanguka, wanagonga vichwa, na wana miaka mingi zaidi ya kuishi na kifaa.

Sababu kubwa kuliko zote ni kifaa kuharibika, na huharibika kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ubovu wa wazi: kichakata sauti hakiwasiliani tena na kilichomo ndani, na mtu anabaki kwenye ukimya. Septemba 2011 kampuni ya Cochlear ya Australia iliondoa sokoni vipandikizi vya jamii ya CI500 ambavyo vilikuwa havijawekwa kwa wagonjwa, kwa sababu vile vilivyokwisha kuwekwa vilikuwa vinazima zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Kasha la vifaa hivyo lilikuwa limeshindwa kuzuia unyevu. Walioathirika walijua mara moja kuwa kuna tatizo.

Namna ya pili ni ubovu wa kujificha. Kifaa kinawaka, vipimo vya kawaida vinaweza kuonyesha kuwa kiko sawa, lakini mgonjwa anasikia vibaya zaidi mwezi baada ya mwezi, au anapata maumivu, milio ya ajabu na mishtuko ya umeme. Februari 2020 kampuni ya Advanced Bionics iliondoa sokoni matoleo ya awali ya kipandikizi chake cha HiRes Ultra. Maji ya mwili yalikuwa yanapenya upande wa elektrodi na sauti inafifia polepole. Kwangu mimi ubovu wa aina hii ni mbaya kuliko ule wa ghafla, kwa kuwa unakula muda. Mwanafunzi aliyekuwa anafuata somo vizuri anaanza kuuliza "eti?" kila mara. Anakodolea midomo ya mwalimu. Anaivua koili na kuitupa pembeni, na wakubwa wanasema amekuwa mkaidi. Mwaka mzima unaweza kupita kabla mtu yeyote hajafikiria kwamba kifaa ndicho kibovu.

Zipo sababu nyingine: maambukizi, ngozi kuchakaa hadi kifaa kutokeza, elektrodi kuteleza na kutoka kwenye koklea, sumaku kuchomoka mahali pake baada ya mtoto kuanguka au baada ya kuingizwa kwenye mashine ya MRI bila maandalizi. Ipo pia kolesteatoma, uvimbe wa ngozi unaoota nyuma ya ngoma ya sikio na kula mfupa. Huu unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya upasuaji wa kwanza, bila maumivu yoyote, ukijulikana tu kwa usaha wenye harufu mbaya.

Ndani ya sikio lililokwisha kufunguliwa

Mara ya kwanza daktari huukuta mwili kama ulivyoumbwa. Huchonga mfupa wa nyuma ya sikio kwa keekee ndogo mpaka afikie kijia kilicho kati ya neva ya uso na neva ya ladha, kijia chenye upana wa milimita chache tu. Kupitia hapo huliona dirisha la duara, ambalo ndilo mlango wa koklea. Mara ya pili kijia hicho kimejaa kovu. Mfupa uliochongwa unaweza kuwa umeota upya, hasa kwa mtoto, na pengine umeumeza waya. Neva ya uso, iliyokuwa imefunikwa na ganda jembamba la mfupa, huenda sasa iko wazi na imeshikamana na kovu lenye rangi inayokaribiana na yake.

Ndiyo maana katika upasuaji huu mgonjwa hufungwa nyaya za kufuatilia neva ya uso. Mtaalamu wa dawa za usingizi huepuka dawa za kulegeza misuli wakati huo, ili uso uweze kutikisika na mashine itoe mlio pindi neva inapoguswa. Kisu cha umeme cha ncha moja, kile ambacho umeme wake husafiri mwilini hadi kwenye bamba lililobandikwa kwa mgonjwa, hakitumiki karibu na kipandikizi kilichomo, kwa sababu umeme huo unaweza kufuata waya hadi ndani ya koklea. Tahadhari hiyo hudumu maisha yote ya mgonjwa: anayekwenda kutolewa jino au kushonwa jeraha la kichwa lazima aseme ana kifaa.

Sasa tuutazame waya wa zamani kwa karibu, chini ya hadubini. Haukai wazi. Umevikwa utando wa kovu kama kisu ndani ya ala yake, tangu nje ya dirisha la duara hadi ndani ya mzunguko wa kwanza wa koklea. Ala hiyo ni kikwazo, maana lazima ipasuliwe kwa uangalifu ili waya uteleze. Lakini ndiyo pia njia pekee iliyobaki ya kuingilia, na ikiachwa tupu inaweza kujifumba. Kwa hiyo mpasuaji hana haraka ya kuchomoa. Huukata waya nje ya koklea, hukiondoa kisahani cha zamani, na kulaza kisahani kipya mahali pake. Huileta ncha ya elektrodi mpya mpaka mbele ya dirisha. Mambo yote yakiwa tayari, ndipo huivuta ya zamani polepole, milimita kwa milimita, na bila kuchelewa huiingiza mpya katika njia ile ile.

Mara nyingi inaingia. Isipoingia yote, elektrodi chache hubaki nje na mgonjwa hupoteza sehemu ya sauti. Ncha inaweza kujikunja na kurudi nyuma ndani ya koklea, au waya ukapotea njia kabisa na kuishia kwenye mifereji ya mizani ya mwili au kwenye vijishimo vya hewa vya mfupa. Picha ya eksirei inayopigwa mgonjwa akiwa bado mezani huonyesha kosa hilo likiwa bado linarekebishika. Mimi siioni picha hiyo kuwa anasa. Mgonjwa aliyefunguliwa mara mbili hastahili kufunguliwa mara ya tatu kwa jambo ambalo lingeonekana kwa dakika chache. Kazi ni ngumu zaidi kwa aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, kwa sababu ugonjwa huo huacha mfupa mpya ukiota ndani ya koklea yenyewe.

Kama sababu ya kufungua ni maambukizi, mpango hubadilika. Daktari anaweza kuondoa kisahani na kuiacha kwa makusudi elektrodi ndani ya koklea, ikiwa imekatwa waya wake, ili ishike nafasi. Jeraha hufungwa, mgonjwa hutibiwa kwa wiki au miezi, kisha hurudi kuwekewa kifaa kipya. Katika kipindi chote hicho hasikii kwa sikio hilo, na familia inapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Madhara yanayoweza kufuata

Linaloogopwa zaidi ni kudhurika kwa neva ya uso. Katika upasuaji wa vipandikizi kwa ujumla hutokea kwa chini ya asilimia 1 ya wagonjwa, lakini makovu ya mara ya pili huongeza uangalifu unaohitajika. Si lazima neva ikatwe ndipo idhurike, kwani joto la keekee pekee linaweza kuivimbisha. Wakati mwingine mgonjwa huamka salama, kisha baada ya siku kadhaa jicho linakataa kufumba, mdomo unavutika upande mmoja na maji yanamwagika anapokunywa. Udhaifu unaokuja kwa kuchelewa namna hii kwa kawaida hupona, na madaktari hutoa dawa za jamii ya steroidi kupunguza uvimbe. Jicho lisilofumba lilindwe kwa matone na kufunikwa usiku, lisikauke.

Jambo jingine hufanana na hilo lakini ni tofauti kabisa. Kifaa kinapowashwa, kope inacheza au shavu linatikisika kila sauti inapoingia. Hapo neva ya uso ni nzima. Umeme wa elektrodi ndio unaovuja kuifikia, hasa pale mfupa wa koklea ulipolainika kwa ugonjwa. Mtaalamu wa usikivu hulitatua mara nyingi kwa kompyuta tu, kwa kuzima elektrodi zinazohusika au kupunguza nguvu yake.

Neva ya ladha ikivutwa au ikikatwa, ulimi wa upande ule huonja kama kuna chuma kwa wiki au miezi. Kizunguzungu cha siku za mwanzo ni cha kawaida, kwani koklea na viungo vya mizani ni nyumba moja. Kwa kijana hupita upesi. Kwa mzee kinaweza kukawia, na hatari kubwa hapo ni kuanguka, hivyo asiachwe aende msalani peke yake usiku.

Maji ya ubongo kuvuja ni jambo zito zaidi. Wenye koklea zilizoumbika vibaya tangu kuzaliwa huwa na njia wazi kati ya sikio la ndani na maji yanayozunguka ubongo, na dirisha likifunguliwa maji hububujika. Mpasuaji huziba kwa vipande vya nyama na utando wa mgonjwa mwenyewe. Uvujaji ukiendelea baada ya kushonwa, dalili yake ni maji meupe ya puani yanayotiririka mtu anapoinama, au maji ya chumvichumvi yanayoshuka kooni. Ni rahisi kuyadhania mafua. Yasipuuzwe, maana panapotokea maji ya ubongo, vijidudu navyo vinaweza kuingia.

Jeraha lenyewe lina matatizo yake. Ngozi iliyokatwa mara mbili mahali pamoja hupata damu kidogo kuliko ngozi mpya. Damu ikijikusanya chini yake, au sumaku ya nje ikibana kupita kiasi, ngozi hugeuka nyekundu, hukonda, na mwisho hupasuka. Juu ya silikoni, bakteria, hasa Staphylococcus aureus, hujijengea utando mgumu wa kujificha. Antibiotiki huua bakteria walio nje ya utando na kuwaacha wa ndani, kwa hiyo usaha hukauka dawa zinapotumika na kurudi zinapoisha. Mgonjwa anayezunguka hivyo miezi mingi, akipewa dozi baada ya dozi, anacheleweshwa: penye utando huo kifaa mara nyingi hakina budi kutoka.

Homa ya uti wa mgongo ni nadra, lakini ndiyo inayoua. Marekani walichunguza watoto 4,264 waliopandikizwa kabla ya umri wa miaka 6 kati ya 1997 na 2002, na kukuta 26 wakiwa wamepata ugonjwa huo. Ule unaosababishwa na bakteria wa nimonia ulikuwa zaidi ya mara 30 ya kiwango cha watoto wengine wa umri wao. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliowekewa kifaa chenye kabari ya ziada ya kusukumia elektrodi, na kabari hiyo ikaondolewa sokoni mwaka 2002. Tangu hapo chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia imekuwa sharti la kawaida kabla ya kupandikizwa. Kenya iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013, kwa hiyo mtoto mwenye kadi kamili ya kliniki ana kinga ya msingi. Mtoto aliyevuka miaka 2 huhitaji pia chanjo ya pili, yenye aina nyingi zaidi za bakteria huyo, na watu wazima wana utaratibu wao. Yote haya yakaguliwe upya kabla ya upasuaji wa marudio.

Vipi usikivu wenyewe? Walio wengi hurudia kiwango walichokuwa nacho kabla ya kifaa kuharibika, na wengine hukipita, kwa kuwa kifaa kipya mara nyingi ni bora. Wachache hawarudii. Elektrodi imeingia nusu, au neva imekaa kimya muda mrefu mno, au mpangilio wa sauti umebadilika kiasi kwamba ubongo unalazimika kujifunza upya. Siku ya kuwasha, sauti ya mke au mama inaweza kuonekana ngeni, nyembamba, kama ya katuni. Hiyo peke yake si dalili ya kushindwa. Kifaa kipya hupangwa upya kwa kompyuta kuanzia mwanzo, kwa mahudhurio kadhaa, na mgonjwa hurudi kwenye mazoezi ya kusikiliza kama mara ya kwanza, ingawa kwa kawaida husonga mbele haraka zaidi.

Yanayofanyika nyumbani

Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya viziwi, alipanga kipimo cha sauti sita ambacho hakihitaji mashine: m, u, a, i, sh, s. Kiswahili kinazo zote. Mama hukaa nyuma ya mtoto asubuhi kabla ya shule, au huficha mdomo kwa karatasi, na kuzitamka moja moja bila mpangilio, akinyamaza kidogo kati ya sauti na sauti. Mtoto ana punje za maharage mkononi na kikombe mbele yake; kila akisikia hudondosha punje, na aliye mkubwa hurudia sauti aliyoisikia. Kazi nzima huchukua dakika mbili.

Sauti hizo zinatoka nene hadi nyembamba. Mtoto anayedondosha punje kwa m na u lakini kwa s amekaa tu, na wiki iliyopita aliisikia, amepoteza sauti nyembamba. "Simba" kwake imekuwa "imba". Sauti nyembamba hushughulikiwa na elektrodi zilizo karibu na mlango wa koklea, na waya ukianza kuteleza nje, hizo ndizo hutoka kwanza. Kwa maharage na kikombe, mama ameona jambo ambalo kliniki ingeliona miezi mitatu baadaye. Aanze kwa kubadili betri na waya wa koili. Hali isipobadilika, aandike tarehe na sauti iliyopotea, na aende na karatasi hiyo kliniki.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo Watanzania walipelekwa nje, hasa India. Wapo waliopandikizwa nje ambao leo wanaishi mbali na aliyewafanyia. Hao ndio wenye hatari ya kuchelewa, kwa hiyo wasajiliwe kliniki ya karibu wakati kifaa kingali kizima. Kampuni kwa kawaida hutoa dhamana ya miaka 10 kwa sehemu ya ndani, lakini dhamana hiyo hulipa kifaa, si lazima ilipe chumba cha upasuaji, kitanda na nauli. Anayechangisha fedha za upasuaji wa kwanza, iwe ni familia, bima au mfadhili, aulize siku hiyo hiyo nani atalipia wa pili.

Kadi yenye jina la kifaa na namba yake itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, na picha yake iwe kwenye simu. Na mtoto au mtu mzima mwenye kipandikizi akipata homa kali, kichwa kikamuuma na shingo ikakakamaa, au akianza kutapika na kulegea, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mwambieni wa kwanza mtakayemkuta kwamba mgonjwa ana kifaa ndani ya sikio.